Bango la Vidakuzi Kwenye Gesti ya Vyumba Vinne

Shangazi yangu ana gesti ya vyumba vinne hapa Malindi, upande wa Casuarina, na tovuti ambayo kijana mmoja wa mjini alimtengenezea miaka mitatu iliyopita. Mwezi uliopita alinipigia simu, na sauti yake haikuwa ya salamu. Mgeni wake wa Kitaliano, yule wa kila Januari, alikuwa amemwandikia kwa adabu zote akiomba anwani ya afisa wake wa ulinzi wa data.

"Mwanangu, mimi nina mpishi, askari wa usiku na binti wa kufua mashuka. Huyo afisa ametoka wapi?"

Alikuwa ametoka kwenye tovuti yake mwenyewe. Chini kabisa, kwa herufi ndogo za kijivu, palikuwa na kiungo cha sera ya faragha, na nilipokifungua nikakuta Kiingereza cha mawakili kama kurasa nane. Humo gesti ina afisa wa ulinzi wa data. Humo mgogoro wowote utaamuliwa na mahakama za jimbo la California. Humo data za watoto wa chini ya miaka 13 hazikusanywi, kifungu ambacho asili yake ni sheria ya Marekani ya mwaka 1998, ilhali fomu ya kuomba chumba inauliza umri wa kila mtoto ili apangiwe kitanda. Mahali pawili jina la biashara nyingine kabisa lilikuwa limesahaulika katikati ya sentensi. Na juu ya hayo, kila aliyefungua tovuti alipokewa na bango lililofunika picha ya bahari: tunathamini faragha yako, kubali vidakuzi vyote, yaani zile cookies. Kitufe kilikuwa kimoja. Cha kukataa hakikuwepo.

Kijana simlaumu sana. Alifanya kama wanavyofanya wengi, akachota sera kwenye tovuti kubwa akaibandika, kwa sababu kila tovuti ya maana ina kitu kama hicho. Lakini nimekaa na ile sera siku kadhaa, na nimefikia mahali ambapo wenzangu wa ufundi huu wa tovuti hawatapapenda: sera ya kunakili inamdhuru mwenye tovuti ndogo kuliko kukosa sera kabisa, na lile bango huwa linaficha takataka ambazo zingeweza kuzolewa asubuhi moja.

Kidakuzi chenyewe hakina kosa. Seva, ile kompyuta inayoitunza tovuti, ina usahaulifu wa ajabu: ukiiomba ukurasa inakupa, na ukiomba wa pili sekunde moja baadaye haikukumbuki. Mwaka 1994 Lou Montulli, mhandisi wa Netscape, aliipatia dawa. Seva ikupe kijikaratasi, ndicho kidakuzi; kivinjari chako, ile programu unayofungulia tovuti, kikitunze, na kila unaporudi kikionyeshe. Ni ile namba unayopewa mlangoni mwa supamaketi ukiacha mkoba. Mwenye kaunta hana haja ya jina lako. Anajua tu kwamba namba 17 ni mkoba mweusi wa pembeni. Bila kijikaratasi hicho usingejaza kikapu cha manunuzi mtandaoni, wala usingebaki ndani ya akaunti yako baada ya kuandika nywila.

Mambo yaliharibika pale namba ilipoanza kutolewa na asiye mwenye duka. Ukurasa mmoja unaweza kuita vitu kutoka seva kumi tofauti, ramani huku, video kule, tangazo kwingine, na kila seva iliyoitwa ina nafasi ya kukupa namba yake. Sasa chukulia kwamba namba ile ya mkoba inatolewa na kampuni moja yenye kaunta katika kila duka la Malindi. Jina lako bado hailijui. Inajua kwamba namba 17 alinunua dawa ya kisukari asubuhi, akaulizia kiwanja adhuhuri, na mchana akakata tiketi ya basi la Mombasa. Kivinjari cha Firefox kilianza kuzuia vidakuzi vya wafuatiliaji wa aina hiyo mwaka 2019, cha Safari kikavifungia vyote vya nje mwaka 2020. Google ilitangaza mwaka huo wa 2020 kwamba Chrome nayo itaviondoa, ikaahirisha mara kadhaa, na 2024 ikageuza nia. Kampuni inayoishi kwa matangazo kuona uzito katika jambo hilo si ajabu.

Niliifungua tovuti ya shangazi kwenye kompyuta, katika dirisha la faragha, nikabonyeza F12 na kwenda sehemu inayoonyesha hifadhi ya kivinjari. Mtu yeyote anaweza kufanya hivyo, haifiki dakika tano. Kulikuwa na kidakuzi kiitwacho _ga, cha programu ya Google ya kuhesabu wageni, kilichoandikiwa maisha ya miaka miwili. Kulikuwa na _fbp cha Facebook, siku 90. Vingine vilikuja na video ya YouTube iliyobandikwa chini ya picha za vyumba. Waswahili humhesabia mgeni siku na kumpa jembe. Huyu wa miaka miwili hajawahi kulishika.

Lakini kilichonikera zaidi ni kwamba sikuwa nimegusa kitufe. Vidakuzi vyote vilikuwa vimeshaingia kabla bango halijamaliza kujichora. Nikalichunguza bango, nikakuta halikuunganishwa na chochote: ukikubali linafunga, usipokubali yale yale yanaendelea nyuma yake. Lilikuwa pambo, kama ile kamera ya ulinzi isiyo na waya ambayo watu huitundika langoni kuwatisha wezi.

Nikamwuliza shangazi kama amewahi kutazama zile hesabu za wageni wa tovuti.

"Hesabu zipi?"

Nywila hana. Kijana naye ameisahau. Tangazo la Facebook alilipia msimu mmoja tu, akaona waliompigia ni mawakala wa viwanja, akaacha. Kwa hiyo miaka yote hii tovuti yake imekuwa ikiwapelekea matajiri wa Marekani habari za kila aliyetazama vyumba vyake, na yeye hakupata hata namba moja ya kujivunia. Wageni wake huwajua kwa njia nyingine: wanamwandikia WhatsApp, anawajibu, anawaulizia watoto.

Tukaanza kutoa. Programu ya kuhesabu ikaondoka, na msimbo wa Facebook ukaondoka nayo. Ramani iliyokuwa ikiita seva za nje tukaibadilisha kwa picha ya kawaida yenye kiungo; anayetaka njia ya kutoka uwanja wa ndege atabonyeza mwenyewe. Video tukaifanyia vivyo hivyo. Herufi za maandishi, ambazo tovuti ilikuwa ikizivuta Google kila inapofunguliwa, tukazishusha na kuziweka kwenye seva ile ile ya tovuti. Herufi zinaonekana jambo dogo, lakini Januari 2022 mahakama ya Munich iliamuru mwenye tovuti amlipe mgeni wake yuro 100 kwa sababu hiyo tu, maana kila herufi inapoitwa kutoka nje, anwani ya mtandao ya msomaji nayo inakwenda nje. Kazi yote ilituchukua saa mbili na nusu pamoja na chai. Nikabonyeza F12 tena, na orodha ikawa tupu.

Na tovuti ikishakuwa tupu hivyo, bango ni la nini? Hata sheria ya Ulaya, inayosingiziwa kuleta mabango haya, hailidai. Mwongozo wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2002, uliorekebishwa 2009, unataka ridhaa kabla ya kuweka au kusoma kitu kwenye kifaa cha mtu, lakini unaacha nje kile ambacho ni cha lazima kwa huduma aliyoiomba mwenyewe. Kidakuzi cha kukumbuka kikapu, au cha kukuweka ndani ya akaunti, hakihitaji kuombewa ruhusa. Mabango yaliyotapakaa ni kazi ya wafanyabiashara wa matangazo, walioona ni afadhali wamchoshe msomaji hadi akubali kuliko waache kumfuatilia. Mwezi ule ule wa Januari 2022 mamlaka ya ulinzi wa data ya Ufaransa ilitangaza faini ya yuro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook kwa mchezo huo hasa: kukubali kwa kubonyeza mara moja, kukataa kwa safari ndefu. Mahakama ya Haki ya Ulaya nayo ilikuwa imeshasema Oktoba 2019 kwamba kisanduku kilichotiwa alama kabla mtu hajagusa hakihesabiwi kuwa ridhaa.

Mtu ataniuliza Ulaya inatuhusu nini sisi wa Kilifi. Inatuhusu, na Malindi kuliko miji mingi. Kanuni ya Ulaya ya ulinzi wa data, inayofanya kazi tangu tarehe 25 Mei 2018, humfuata hata mfanyabiashara aliye nje ya Ulaya akiwa anawauzia bidhaa au huduma watu walioko huko. Kwamba tovuti inafunguka Milano hakutoshi. Lugha na sarafu ndizo dalili zinazotazamwa. Sasa hapa kwetu muuza vinyago wa ufukweni anajua Kitaliano cha bei kabla ya Kiingereza, na gesti za wenyeji zina ukurasa wa Kitaliano wenye bei kwa yuro. Dalili gani zaidi itafutwe? Huko Italia wenyewe, tangu Januari 2022, mamlaka yao inataka bango lolote liwe na alama ya X ya kulifunga, na kulifunga kuwe ni kukataa. Mgeni wa shangazi amekuja na mazoea hayo. Sidhani kama kuna afisa atakayepanda ndege Roma kuja kukagua vyumba vinne, na sitaki kumtisha mtu kwa hilo. Lakini ni Mtaliano aliyeisoma ile sera hadi mwisho; mimi mpwa sikuwa nimewahi.

Sheria ya kutazamwa kwanza ni ya nyumbani. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ilianza kufanya kazi tarehe 25 Novemba 2019, na kamishna wa kwanza wa ulinzi wa data, Immaculate Kassait, aliapishwa Novemba 2020. Katika sheria hiyo mtu hutambulika kwa jina, kwa namba, kwa mahali alipo, na pia kwa kitambulisho cha mtandaoni, na hapo ndipo kidakuzi kinapoingia. Haijalishi kama mgeni ni wa Ngala au wa Torino. Mwenye gesti akiwa Kenya na data akizishughulikia akiwa Kenya, sheria inamshika.

Kuna kipande kimoja ambacho kila mwenye gesti ninayemwambia hushtuka. Kanuni za usajili za 2021 zinamwondolea lazima ya kujisajili kwa kamishna mfanyabiashara ambaye mapato yake ya mwaka hayafiki shilingi milioni 5 na wafanyakazi wake hawafiki 10. Watu wameshikilia hapo, wakajihesabia salama. Lakini kanuni hizo hizo zina orodha ya sekta ambazo msamaha hauzigusi, na biashara ya kupokea wageni imo, pamoja na shule, hospitali, usafiri, mikopo na uuzaji wa ardhi. Waongoza watalii wametolewa kwa jina. Kwa hiyo kijana anayewapeleka wageni Gede hana lazima ya kusajiliwa, na shangazi mwenye mashuka manane anayo. Ada kwa biashara ndogo ni shilingi 4,000, cheti hudumu miezi 24, kukihuisha ni 2,000. Naona uzito wa kumtoza mama wa vyumba vinne ilhali mwenye kundi la WhatsApp la watalii mia tatu anapita tu, lakini kusajiliwa ni suala moja na wajibu wa kutunza data ni jingine, na huo wa pili unawabana wote wawili.

Adhabu? Kamishna anaweza kutoza hadi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kile kilicho kidogo. Gesti inayoingiza milioni 2 kwa mwaka, hesabu yake ni 20,000. Haiui biashara. Fidia kwa mtu aliyeumizwa ni hesabu nyingine, na tukitazama walioadhibiwa kweli hatari ya mfanyabiashara mdogo haitokei kwenye vidakuzi. Septemba 2023 klabu moja ya starehe Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Shule moja ya Uthiru ilitozwa 4,550,000 kwa picha za wanafunzi ambazo wazazi hawakuziridhia.

Hapo nikamwomba shangazi anionyeshe ukurasa wa picha wa tovuti yake. Watoto wa wageni wamo, wamevaa nguo za kuogelea, wanacheka. Hakuna mzazi aliyeulizwa. Bango linaomba ruhusa ya vidakuzi, na hatua mbili chini yake pana uso wa mtoto wa mtu.

Kisha simu. Kila mgeni humtumia picha ya pasipoti kwa WhatsApp, yeye hunakili kwenye daftari, na picha inabaki. Zimo za miaka saba. Simu yenyewe mjukuu huichezea, na mwaka juzi iliwahi kusahaulika kwenye tuktuk ikakaa huko hadi magharibi. Data zikivuja na mtu akiwa hatarini kudhurika, sheria inataka kamishna aarifiwe ndani ya saa 72. Siku ile tulichowaza ni namba za simu za jamaa tu.

Tulipofika kwenye kufuta tukakwaruzana kidogo, na nakiri ana hoja. Sheria haitaki data zikae kuliko inavyohitajika kwa sababu iliyozikusanya. Shangazi anasema biashara yake yote ni kumbukumbu. Mgeni akirudi baada ya miaka minne akakuta anakumbukwa kwamba hali pweza, na kwamba mkewe hutaka chumba cha juu, huyo haendi kwingine. "Nikifuta, nitakuwa hoteli," alisema, na neno hoteli alilitamka kama tusi. Nilijaribu kumwambia kwamba kumbukumbu ya kichwani haina sheria. Akanijibu kwamba kichwa chake kina miaka 67.

Tukagawanya. Picha za pasipoti zifutwe mgeni akishaondoka, maana nakala yake iko kwenye daftari na daftari lina kabati lenye ufunguo. Jina, namba na yale mambo ya pweza yabaki, lakini mgeni aambiwe kwamba yanabaki na aulizwe kama anataka. Picha za watoto zote zitoke. Sijui kama kila mwanasheria angekubaliana nasi kwa kila herufi, ila nina hakika kwamba sasa tunaweza kusimama mbele ya mgeni na kumweleza tunachofanya, jambo ambalo zile kurasa nane hazikutuwezesha.

Na hapo sera ikawa nyepesi kuandika. Sheria, katika kifungu cha 29, inataka mtu aambiwe kabla data hazijachukuliwa: nini kinachukuliwa, kwa nini, nani mwingine atakipata, kinalindwaje, kama ni lazima akitoe au ni hiari, nini kitatokea asipokitoa, na haki zake ni zipi. Mwenye kujua anachofanya hahitaji wakili kuyasema hayo. Yetu ikawa hivi, kwa Kiswahili kwanza:

"Tovuti hii haiweki vidakuzi na haihesabu wageni. Kampuni inayotuhifadhia tovuti hubaki na kumbukumbu za anwani za mtandao za waliofungua kurasa, kwa ajili ya usalama. Ukiomba chumba tunachukua jina, namba ya simu, tarehe na umri wa watoto, ili tukupangie vitanda. Usipotupa hivyo hatuwezi kukuwekea nafasi. Ujumbe wa WhatsApp hupitia kampuni ya Meta. Ukifika tunaandika pasipoti yako katika daftari linalofungwa kabatini. Picha yake tunaifuta siku unayoondoka. Jina na namba yako tutabaki nazo ukituruhusu, ili ukirudi tukujue. Ukitaka kuziona, kuzirekebisha, kuzikataa au zifutwe, mwambie mwenye nyumba. Namba yake iko juu. Ukiona hatukukutendea haki, unaweza kulalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, Nairobi."

Haijafika maneno mia na hamsini. Shangazi aliisoma kwa sauti, akabadilisha mahali pamoja: nilikuwa nimeandika "mmiliki", akataka "mwenye nyumba". Ya Kitaliano alituandikia yule yule mgeni aliyemtafuta afisa. Alipojibiwa kwamba afisa hayupo na hajawahi kuwepo, alicheka, akajitolea kutafsiri.

Siku tatu baadaye kijana aliyetengeneza tovuti alinipigia. Alikuwa ameifungua ili amwonyeshe mteja mpya mfano wa kazi zake.

"Kaka, lile bango limepotea."

"Halikupotea. Nimelitoa."

Akanyamaza kidogo. "Sasa mteja atajuaje kama tovuti ni ya kisasa?"

Nilimwambia abonyeze F12. Akasema yuko kwenye simu, lakini kama shangazi anataka lirudishwe, kwake ni elfu mbili na mia tano tu.